Programu iliyofutwa ikarudi: kisa cha kompyuta ya mhasibu

## Mazingira

Kisa hiki ni cha laptopu moja ya Windows 11 iliyokuwa ikitumiwa na mhasibu wa taasisi ndogo isiyo na mtu wake wa kompyuta. Jina lake, la taasisi na la programu zote zilizohusika nimeyaacha nje, na mambo machache yasiyogusa kiini nimeyabadilisha ili hata anayemfahamu asimtambue. Yeye nitamwita Mhasibu. Programu nitaziita kwa kazi zake: Kigeuzi, Msafishaji, Mlinzi, na antivairasi.

Kompyuta hiyo ilikuwa na kazi tatu tu: hesabu za taasisi kwenye programu maalumu ya uhasibu, barua pepe, na tovuti ya benki. Nataja benki mapema kwa sababu ndiyo iliyoamua uzito wa nilichokifanya baadaye, na mpaka leo ndiyo inayonisumbua nikikumbuka kisa hiki.

Chanzo kilikuwa kidogo. Mhasibu alitaka kugeuza hati za PDF ziwe majedwali. Akatafuta mtandaoni, akapata Kigeuzi cha bure, si kwenye tovuti ya waliokitengeneza bali kwenye tovuti inayokusanya programu za watu wengine. Akabofya "Endelea" mara tano au sita bila kusoma. Kwenye kurasa hizo visanduku vilikuwa vimekwishatiwa vema, na kila kisanduku kilikuwa ridhaa. Kigeuzi kikaingia na wenzake wawili: Msafishaji, anayedai kuharakisha kompyuta, na Mlinzi, anayedai kukagua kurasa za intaneti kabla hazijafunguka. Humo ndani tayari mlikuwa na antivairasi ya majaribio iliyokuja na mashine tangu kiwandani, na muda wake ulikuwa umekwisha zamani.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa kirusi kwa maana ya kawaida. Zote zilikuwa na jina, mtengenezaji na masharti ya matumizi. Zilikaribishwa, kwa kubofya. Tabu ilikuja zilipotakiwa kuondoka.

## Mhasibu anajaribu mwenyewe

Siku chache baadaye ukurasa wa kwanza wa kivinjari ulibadilika, kila alichotafuta kikawa kinapelekwa kwenye tovuti asiyoijua, na Msafishaji akawa anajitokeza kila asubuhi kutangaza mamia ya kasoro ambazo angezirekebisha akilipwa. Mhasibu akaamua kumaliza kazi mwenyewe. Nasimulia hatua zake kwa mpangilio, maana mpangilio ndio kisa chenyewe.

Kwanza alifungua C:\Program Files (x86), akaziona folda za Msafishaji na Mlinzi, akazifuta. Windows ilikataa baadhi ya faili kwa kuwa zilikuwa zinatumika. Akaingia Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazoendeshwa, akasimamisha kila kilichobeba majina hayo, akarudi kufuta. Safari hii folda zikaenda, na pipa la taka akalimwaga.

Pili, akakumbuka kwamba programu zina orodha yake maalumu ya kuziondolea. Akaifungua ile ya zamani, inayoitwa kwa amri ya appwiz.cpl. Majina yalikuwa bado yapo. Alipobofya kuondoa, Windows ilimwambia kuna hitilafu, huenda programu hiyo ilikwishaondolewa. Je, jina lifutwe kwenye orodha? Akakubali, mara mbili.

Tatu, akawasha upya kompyuta, na intaneti ikafa. Alama ya Wi-Fi ilikuwa imejaa, simu yake kwenye mtandao huohuo ilikuwa inafanya kazi, lakini kivinjari hakikufungua hata ukurasa mmoja.

Nne, mwenzake wa ofisini alimletea kwenye flashi programu ya kusafisha rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo na ya programu. Ikatafuta "makosa", ikayapata mengi, ikayafuta yote kwa kubofya mara moja. Kesho yake programu ya uhasibu ilifunguka vizuri, ila kila akiagiza ripoti ilijifunga. Ndipo akanipigia.

"Fundi, mimi kufuta nilishafuta," aliniambia. "Sasa sijui kinachonisumbua ni nini, maana vitu vyenyewe havipo."

## Kutazama kabla ya kugusa, isipokuwa mara moja

Saa ya kwanza nilikusudia nisiguse kitu. Nilimwomba anieleze alichokifanya, hatua kwa hatua, bila kuona haya. Nusu ya ninayoyajua kuhusu kisa hiki yalitoka hapo. Nikanakili faili za hesabu kwenye diski ya nje, nikazifungua chache kwenye mashine nyingine kuhakikisha zinasomeka. Nakala ambayo hujaifungua bado ni tumaini tu. Nikatazama kama kuna alama ya kurejesha mfumo ya tarehe ya kabla ya Kigeuzi. Haikuwepo. Ulinzi wa mfumo ulikuwa umezimwa kwenye diski ya C, kwa hiyo njia ya kurudi nyuma ilikuwa imefungwa.

Halafu nikatazama intaneti. Amri ya ping ilileta majibu kutoka nje, kwa hiyo mtandao wenyewe ulikuwa mzima. Kwenye mipangilio ya proksi, yaani programu ya katikati inayopitishiwa maombi ya kivinjari, nikakuta kumeandikwa 127.0.0.1 pamoja na namba ya mlango. Anwani hiyo ni kompyuta kujiita yenyewe. Mlinzi alikuwa amejiweka katikati: kivinjari kinampa yeye kila ombi, yeye analisoma, halafu ndiye anayelipeleka nje. Mhasibu alipofuta folda, Mlinzi aliondoka lakini maelekezo yakabaki, na kivinjari kikawa kinabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Hapo nilikosea. Nilizima proksi palepale. Kurasa zikafunguka, Mhasibu akafurahi, na mimi nikajiona fundi. Nikaendelea kuandika orodha ya vitu vya kukagua. Hazikupita dakika kumi, ikoni ya Mlinzi ikatokea pembeni mwa saa, na folda aliyoifuta kwa mkono wake ikawa imerudi C:\Program Files (x86), nzima, na tarehe ya leo.

Nilikata Wi-Fi na kufanya nilichopaswa kukifanya kwanza: kuendesha Autoruns, chombo cha bure cha Sysinternals kinachotolewa na Microsoft, ambacho hukaa kwenye flashi yangu. Autoruns huorodhesha karibu kila kitu kinachojianzisha chenyewe kwenye Windows: funguo za Run kwenye rejista, huduma (programu zinazoendeshwa nyuma ya pazia), dreva (programu ndogo zinazofanya kazi karibu na kiini cha mfumo), kazi zilizoratibiwa (zinazoanzishwa na Windows kwa wakati au tukio maalumu), na vingine ambavyo Task Manager haivionyeshi. Mstari unaoelekeza kwenye faili lisilokuwepo hupakwa njano. Mistari ya Msafishaji ilikuwa ya njano, miwili. Lakini mmoja haukuwa na rangi yoyote: kazi iliyoratibiwa yenye jina la kawaida kabisa, la kusasisha, inayoanza kila mtumiaji anapoingia. Faili lake lilikuwa ndani ya AppData\Local, kwenye folda ya mtumiaji, mahali ambapo programu huweza kujiandika bila kuomba ruhusa ya msimamizi na ambapo folda zimefichwa zisionekane kwa kawaida.

Huyo ndiye aliyemrudisha Mlinzi. Mhasibu alipofuta Program Files hakumgusa. Intaneti ilipokufa, alikaa kimya kwa sababu hakuwa na pa kupakulia. Mimi ndiye niliyemfungulia.

## Uamuzi wa kwanza: kumtumia aliyerudi

Shauku ya kufuta tena ilikuwa kubwa, naikiri. Lakini kurudi kwa Mlinzi kulileta kitu alichokuwa amekipoteza Mhasibu: kiondoaji, yaani ile programu ndogo inayokuja na programu kubwa kwa kazi moja tu ya kuiondoa. Jina lake nalo lilikuwa limerudi kwenye orodha.

Kwa hiyo nilikwenda hivi. Nikaizima ile kazi ya kusasisha kwa taskschd.msc, bila kuifuta, ili kama nimekosea niweze kuiwasha. Wi-Fi ikabaki imekatwa. Nikaenda kwenye orodha, nikamwondoa Mlinzi kwa kiondoaji chake. Kilinibembeleza kwa kurasa tatu: kwa nini unaondoka, je ungependa kubaki kwa muda, na kitufe cha kubaki kikubwa cha rangi huku cha kuondoka kikiwa maandishi madogo ya kijivu. Mhasibu aliyekuwa amekaa pembeni yangu alikuwa ameshanyoosha kidole kwenye kile kikubwa.

Kiondoaji kilipomaliza, folda kuu ilikwisha, huduma yake ilikwisha, ufunguo wake wa Run ulikwisha, na mipangilio ya proksi ilirudi kuwa tupu. Kilichobaki: folda ya AppData, kazi niliyoizima, na mambo mawili kwenye kivinjari na kwenye hazina ya vyeti ambayo nitayafikia. Nikafuta folda na kazi hiyo kwa mkono, nikawasha upya.

Nimesema kuwasha upya, si kuzima na kuwasha. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida kunaweza kuhifadhi kiini cha mfumo kwenye faili la hiberfil.sys ili mashine iwake haraka, na dreva iliyokuwemo huamka nayo. Kuwasha upya hakupitii njia hiyo. Nimewaona watu wakisema "nilizima kabisa, bado ipo", na wanasema kweli.

## Msafishaji asiye na mlango wa kutokea

Msafishaji hakurudi. Folda yake haipo, jina lake halipo kwenye orodha, kiondoaji chake kimekwenda na folda. Kilichokuwepo ni huduma moja iliyokuwa ikijaribu kuanza na kushindwa, na kazi moja iliyoratibiwa iliyokuwa ikileta ujumbe wa makosa kila asubuhi.

Zilikuwepo njia tatu. Ya kwanza ni kusakinisha upya toleo lilelile juu ya mabaki, halafu kuliondoa kwa kiondoaji chake. Kwa programu ya mtengenezaji anayeaminika, hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, ingawa wateja huniona nimechanganyikiwa: wameniita niondoe, mimi naweka. Hapa niliikataa, kwa sababu chanzo pekee cha Msafishaji kilikuwa tovuti ileile iliyomleta na wenzake. Ya pili ni kufuta Windows yote na kuanza upya. Ya tatu ni mkono.

Nilichagua mkono, kwa mpangilio uliokuwa kinyume na wa Mhasibu: kwanza kinachoanzisha, mwisho faili. Nikaizima ile huduma kwa services.msc, nikawasha upya kuona kama kuna kinacholalamika. Hakikulalamika. Nikaifuta kwa amri ya sc delete pamoja na jina lake halisi, ambalo si lazima lifanane na jina linaloonyeshwa. Hapo ni vizuri kusoma mara mbili, maana amri hiyo haiulizi kama una hakika. Nikafuta kazi iliyoratibiwa. Nikatafuta jina lake katika ProgramData, AppData\Local na AppData\Roaming, nikapata folda mbili za kumbukumbu na picha, nikazifuta. Mwisho nikafungua rejista, nikahifadhi kwanza nakala ya kila ufunguo kabla ya kuufuta, nikaondoa ule uliobeba jina lake chini ya SOFTWARE. Dakika ishirini hivi.

## Antivairasi: hapa sikuthubutu mkono

Antivairasi iliyokwisha muda ilikuwa haimsumbui Mhasibu hata kidogo, na ndiyo iliyokuwa na athari kubwa. Windows ikiona antivairasi nyingine imejiandikisha, Defender, antivairasi yake yenyewe, hukaa pembeni. Hii ilikuwa imejiandikisha, haikuwa inapata masasisho, na kwa hiyo mashine inayoingia benki haikuwa na mlinzi wa maana. Kigeuzi na wenzake waliingia wakati huo.

Programu za aina hii huweka dreva za kuchuja, zinazokaa kati ya Windows na diski ili zione kila faili linapofunguliwa. Ukilifuta faili la dreva huku mfumo bado unalitegemea, unaweza kukivunja kile kilichokuwa kikichujwa. Mfano unaojulikana ni wa mwaka 2005, Mark Russinovich wa Sysinternals alipogundua kwamba baadhi ya CD za muziki za Sony BMG zilikuwa zikiweka kwa siri programu iliyojificha kwenye Windows. Alipoifuta kwa mkono, kiendeshi cha CD kikatoweka kwenye kompyuta yake, kwa sababu rejista ilikuwa bado inataja vichujio ambavyo havipo tena. Alikuwa mtu anayeujua undani wa Windows kuliko karibu kila mmoja wetu, akalazimika kwenda kutafuta mistari hiyo kwenye rejista na kuiondoa.

Kwa hiyo niliiondoa kwa orodha ya kawaida kwanza. Ilikubali, ikadai imekwisha. Nikaendesha amri ya fltmc kwa ruhusa ya msimamizi, inayoorodhesha vichujio vilivyo hai: WdFilter ya Defender ilikuwepo, na pembeni yake kichujio cha antivairasi iliyodai imekwisha. Watengenezaji wengi wa antivairasi hutoa chombo chao maalumu cha kusafisha mabaki kwa ajili ya hali hii. Nilikipakua kwa kompyuta yangu kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, nikawasha laptopu katika hali salama, ambayo huipata kwa kushikilia Shift unapobofya kuwasha upya, nikakiendesha. Baada ya hapo fltmc ilikuwa safi, na dirisha la usalama la Windows likaonyesha Defender iko kazini.

## Kivinjari na cheti

Ukurasa wa kwanza wa kigeni ulikuwa na mizizi miwili. Mmoja ulikuwa wa kitoto: njia ya mkato ya kivinjari kwenye eneo kazi iliongezewa anwani ya ile tovuti mwishoni mwa mstari wa shabaha. Watu hubadilisha mipangilio ya kivinjari mara kumi bila mafanikio na hawatazami njia ya mkato hata mara moja.

Wa pili ulikuwa kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari, kisicho na kitufe cha kukiondoa. Menyu ya Chrome ilisema kivinjari kinasimamiwa na shirika. Nikafungua chrome://policy, nikakuta sera ya ExtensionInstallForcelist inayolazimisha kiendelezi hicho kiwepo. Sera hizi ni halali. Ofisi kubwa huzitumia kila siku. Kwa hiyo kabla ya kugusa nilimuuliza Mhasibu, naye akamuuliza mkuu wake, kama kuna mtu yeyote anayesimamia kompyuta za taasisi kwa mbali. Hakuna. Nikahifadhi nakala ya ufunguo HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, nikaufuta, na kiendelezi kikaondoka chenyewe kivinjari kilipofunguliwa upya.

Halafu cheti, yaani hati ya kidijitali inayoithibitishia kompyuta kwamba tovuti ni ile inayodai kuwa. Mlinzi asingeweza kusoma kurasa za https bila kuifanya kompyuta imwamini kama mtoa vyeti. Nilifungua certlm.msc, nikaenda kwenye mamlaka za mizizi zinazoaminiwa, nikakikuta: cheti chenye jina la Mlinzi, kimeanza kutumika siku ileile Kigeuzi kiliposakinishwa. Kiondoaji kilikuwa kimekiacha. Si jambo geni. Februari 2015 iligundulika kwamba laptopu kadhaa za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo ya Superfish iliyofanya hivyohivyo, tena kwa ufunguo mmoja wa siri wa kusaini vyeti kwenye mashine zote, na kuondoa programu hakukuondoa cheti. Aliyeiondoa akadhani yamekwisha alibaki wazi kwa yeyote mwenye ufunguo huo.

Nilikifuta, nikatazama pia certmgr.msc upande wa mtumiaji. Mhasibu hakuwa na Firefox. Angekuwa nayo ningekagua na huko, kwa sababu Firefox ina hazina yake ya vyeti.

Jambo dogo la pembeni: baada ya yote haya, vijidirisha vya matangazo viliendelea kutokea kwenye kona ya skrini, na Mhasibu akakata tamaa. Havikuwa vya programu yoyote. Alikuwa ameiruhusu tovuti moja kumtumia arifa. Nikaifuta ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya tovuti, vikakoma.

## Deni la programu ya kusafisha rejista

Ripoti za uhasibu zilivunjika kwa sababu ile "safisha" iliondoa maandishi ambayo sehemu ya kuchapa ilikuwa ikiyategemea. Haikuwa imehifadhi nakala ya ilichokifuta. Nilitumia chaguo la kukarabati kwenye kisakinishi cha programu hiyo, nacho kikatafuta faili lake la usakinishaji, la .msi, ndani ya C:\Windows\Installer na kulikuta. Nataja folda hiyo kwa makusudi. Imefichwa, huwa kubwa, na watu wanaotafuta nafasi kwenye diski huifuta wakidhani ni visakinishi vya zamani. Ukiifuta, siku ya kukarabati au kuondoa programu unaombwa faili ambalo hulina.

Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi ya programu za kusafisha rejista. Mimi naongeza la kwangu: sijawahi kuona kompyuta iliyopata kasi kwa kufutiwa funguo chache tupu kwenye rejista, lakini nimeziona zilizovunjika.

## Pale nilipoacha

Kigeuzi chenyewe, aliyeanzisha yote, aliondoka kwa kiondoaji chake bila neno. Baada yake yalibaki mambo madogo: funguo tupu mbili, folda moja isiyo na kitu ndani, majina kwenye kumbukumbu za mfumo. Sikuyafuata. Kipimo changu kilikuwa swali moja kwa kila baki: je, hiki kinafanya kazi, au kinafanya kitu kingine kifanye kazi? Huduma, kazi iliyoratibiwa, dreva, sera, cheti, proksi: ndiyo. Folda tupu: hapana. Kumwinda aliyekufa ndani ya rejista ndiko kulikomponza yule mwenzake wa ofisini na flashi yake.

## Matokeo

Kazi nzima ilichukua alasiri mbili. Nywila za benki, barua pepe na uhasibu zilibadilishwa kutoka kwenye mashine nyingine siku ya kwanza, kabla sijamaliza kusafisha, na benki iliarifiwa. Ulinzi wa mfumo uliwashwa na alama ya kurejesha ikawekwa. Mhasibu sasa anatumia akaunti ya kawaida, ya msimamizi ina nywila yake peke yake na anayo mkuu wake. Wiki mbili baadaye niliendesha Autoruns tena na kulinganisha na orodha niliyoihifadhi. Hakukuwa na mstari mpya nisioujua.

Kitu kimoja kilinipita. Alipobofya kitufe cha kulia juu ya folda, bado palikuwa na mstari wa Msafishaji unaotoa ujumbe wa makosa. Ulikuwa chini ya HKEY_CLASSES_ROOT\Directory\shell, na nilikuwa nimemtafuta kwa jina la mtengenezaji huku mstari ukiwa na jina la kazi.

## Uchambuzi

Kosa la Mhasibu halikuwa kufuta bali kufuta kwanza. Programu inaposakinishwa hutawanya vitu mahali kumi, na mwenye orodha ya mahali hapo ni kiondoaji peke yake. Alichokifuta kwanza kabisa ni folda iliyokuwa na hicho kiondoaji. Kisha, kwa kukubali jina lifutwe kwenye orodha, akafuta na mstari wa rejista uliokuwa unaonyesha kilikuwa wapi. Tangu hapo kila aliyegusa mashine hiyo, pamoja nami, alikuwa anapapasa gizani. Ujumbe ule wa Windows nao una lawama yake: unauliza swali la usafi wakati ambapo mtu angestahili kuambiwa kwamba anapoteza njia.

Kosa langu lilikuwa la aina ileile kwa sura nyingine. Niliondoa dalili kabla ya kujua nani aliyekuwa nyuma yake. Kwamba kurudi kwa Mlinzi kulinipa kiondoaji ilikuwa bahati. Kama yule wa kusasisha angepakua kitu kibaya zaidi, ningekuwa nimemkaribisha mimi. Siku hizi nakata mtandao kwanza, hata kama tatizo nililoitiwa ni mtandao wenyewe.

Yaliyofaa: kumwacha Mhasibu asimulie bila kukatizwa, kuzima kabla ya kufuta, kuwasha upya kati ya hatua na hatua ili kila hatua ijulikane kwa matokeo yake, na kuuliza kuhusu sera za kivinjari kabla ya kudhani ni za wezi. Hatua hizo zilionekana za polepole, lakini katika alasiri mbili sikulazimika kurudia kitu ila kile cha proksi.

Uamuzi ninaoutilia shaka mpaka sasa ni wa kutosakinisha Windows upya. Sababu zangu zilikuwa na uzito: taasisi ilikuwa katikati ya kufunga hesabu za mwaka, leseni ya programu ya uhasibu ilifungamana na usakinishaji huo, na sikuona dalili ya wizi wa nywila wala ya mtu kuingia kwa mbali. Ningeiona moja tu ningefuta kila kitu bila kujadiliana. Lakini cheti cha Mlinzi kilikaa kwenye mashine ya benki kwa siku kadhaa, na programu nyingine za aina hiyo huziruka kurasa za benki, nyingine haziziruki. Yeye alikuwa wa kundi gani, faili zake hazikuniambia. Niliamua kwa kutazama dalili zilizoonekana, na kazi ya Mlinzi ilikuwa kukaa mahali pasipoonekana. Hesabu za mwaka zilipofungwa nilimshauri Mhasibu tuisakinishe upya. Alikubali, tukaweka siku, na safari hii nakala za faili alizifungua yeye mwenyewe kwanza, moja baada ya nyingine.